Bwawa la Kuongeza Damu

Rasbura, Lindi
21 Mei 2023

Mdogo wangu Kibwana,

Maftaha wa nazi anapita Miteja keshokutwa, nami nimemwambia akupe barua hii mkononi, asimwachie mtu mwingine, hata mkeo Zuwena. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yangu siku hizi iko mikononi mwa Saida, na huyu binti yangu akipokea simu anaweka spika, nyumba nzima na majirani wawili wanasikiliza. Ninayotaka kukueleza si ya spika. Ni mambo ya kizazi, na wewe ni mwanamume, tena mdogo wangu niliyekubeba mgongoni. Kwenye karatasi sikuoni, nawe hunioni, kwa hiyo naweza kusema.

Nimepigwa picha ya tumbo. Ndani ya kizazi kuna uvimbe, mkubwa kama ngumi ya mtu mzima. Si kansa. Daktari alisema mara mbili, nikamwomba aseme mara ya tatu. Ila huo uvimbe ndio unaonimaliza damu kila mwezi, na mimi nilidhani ni umri. Damu yangu sasa ni saba. Mtu mwenye damu saba hawampasui. Kwanza nimeze vidonge mpaka ipande, halafu ziwepo chupa mbili za kundi langu pembeni, ndipo niingie chumba cha upasuaji.

Ugumu uko hapo. Kundi langu ni O hasi. Muuguzi mmoja anaitwa Scholastica, mpole sana, aliniambia katika watu mia unaweza usipate hata watatu wa namna hiyo. Saida kapimwa, siye. Watoto wa baba mdogo wamepimwa wote, sio. Nikakumbuka kadi uliyokuja nayo nyumbani ukiwa kidato cha nne, ukaibandika ukutani kama cheti cha ndoa. O hasi. Katika ukoo wetu ni wewe na mimi tu.

Nakuomba uende Kilwa Masoko wakupime, uone kama unaweza kunipa chupa moja. Ya pili Mungu ataileta.

Zuwena usimwambie bado. Wifi yangu nampenda, lakini akijua yeye leo, kesho inajulikana Nangurukuru.

Nakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Mwanaheri


Miteja
4 Juni 2023

Dada, shikamoo.

Barua yako niliipata tarehe 23 saa nane mchana. Niliisoma nyuma ya ghala la ufuta, nikakaa hapo mpaka wapimaji wangu wa mizani wakaja kunitafuta.

Jumatano tarehe 31 nilikwenda Masoko. Wamenipokea vizuri na wamenipima. Wamesema nirudi siku yako ikikaribia, kwa sababu damu haikai kwenye friji zaidi ya siku thelathini na tano. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mtu wa nafasi yangu. Chupa yako ipo, imehifadhiwa ndani yangu.

Lakini sitaki kukuletea damu ya hivi hivi tu. Nataka iwe nzuri. Siku ile ile nikirudi kwenye basi, redio ilikuwa inaeleza habari za watu wa nchi za baridi. Wanatoboa barafu ziwani, wanaingia, wanaogelea. Walipopimwa wale wanaofanya hivyo mara kwa mara, baadhi yao walikutwa chembe nyekundu za damu zimeongezeka. Mtangazaji alisema wataalamu bado wanabishana. Nikawaza, wao wabishane, mimi nijaribu. Maji ya baridi hayana dozi wala foleni.

Bahari yetu haifai. Nilikwenda Somanga nikatumbukiza kile kipimajoto nilichopewa pamoja na kipimamvua cha kijiji. Nyuzi ishirini na sita. Hiyo ni chai iliyosahauliwa mezani. Huku bondeni, chini ya shamba la Mzee Nikodemu, kuna bwawa linalolishwa na kijito cha msituni. Miti imelifunika pande tatu. Alfajiri ni zamu ya wanawake kuchota maji, mwanamume hapiti pale. Kwa hiyo naingia saa tano, wakishaondoka. Kuna sehemu moja tu inayopata jua, penye matete, na hapo ndipo ninapoingilia kwa sababu pana mwanga wa kusoma kipimajoto. Nyuzi ishirini na mbili. Siku ya kwanza nilipiga kelele, ndege wakaruka.

Naandika kila siku: tarehe, joto la maji, dakika nilizokaa, mapigo ya moyo kabla na baada. Nimeanza na dakika kumi.

Zuwena hajui kitu. Nimemwambia naoga huko kwa ajili ya mgongo.

Mdogo wako,
Kibwana


Rasbura
17 Juni 2023

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka. Mama angekuwa hai angekufuata bwawani na mwiko. Mtoto aliyelia kila akiogeshwa, leo anatafuta baridi kwa kipimajoto! Na mamba je? Hujaandika mamba. Umeandika mapigo ya moyo, hukuandika kitu kitakachoyasimamisha.

Mimi sijui mambo ya barafu. Ninalojua ni maini, dagaa, matembele na juisi ya choya. Kula hivyo. Ukitaka kuoga, oga, lakini usinywe chai juu ya chakula, Scholastica anasema chai inazuia chakula kuingia kwenye damu. Mimi nimeiacha. Ilikuwa vigumu kuliko kufiwa na mume, Mungu anisamehe.

Hali yangu nzuri. Vidonge vinanifanya nipate choo cheusi lakini vinafanya kazi. Jumamosi iliyopita nilikwenda arusini kwa mtoto wa Mwanaima, jirani yangu. Nilikaa tu, sikucheza, viatu vilikuwa vinabana.

Kwa kuwa umesema chupa yako ipo, nimewaambia waliokuwa wananitafutia mtu wa pili na wa tatu wapumzike kidogo. Moja ikiwa na hakika, nyingine itapatikana.

Dada yako,
Mwanaheri


Miteja
16 Julai 2023

Dada, shikamoo.

Imepanda! Tarehe 12 nilitoka bwawani, nikapanda basi moja kwa moja mpaka Masoko, nikapimwa saa nane. Imepanda pointi nne tangu Mei. Bwana wa maabara, jina lake Optatus, aliuliza nimefanya nini, nikamwambia ni siri ya familia.

Hakuna mamba. Nimemuuliza Mzee Nikodemu, ambaye amelima bonde lile tangu alipohamia kutoka Newala. Juzi alinikuta majini na tumbaku yake mdomoni, akasimama ukingoni.

"Wewe karani," akasema, "humo unatafuta samaki au unatafuta jini?"

"Natafuta damu, mzee."

"Damu? Damu iko buchani."

"Hii ni ya ndani, mzee."

Akatikisa kichwa. "Nyie mliosoma mna taabu. Sisi tukiona maji baridi, tunatoka."

Lakini dada, nikwambie kweli, hata bila habari ya damu ningeendelea. Nikitoka pale mwili unawaka. Nalala kama mtoto. Kwenye mizani siku hizi mkulima akinibishia kilo zake simjibu kwa hasira, nampimia tena. Sasa naweza dakika ishirini. Naogelea kutoka kwenye matete mpaka kwenye jiwe na kurudi, mara kumi na mbili, nakuhesabia wewe: moja ya dada, mbili ya dada.

Niambie tarehe yako wakikupangia.

Mdogo wako,
Kibwana


Rasbura
6 Agosti 2023

Marahaba, Kibwana.

Wamenipangia. Jumanne, tarehe 19 Septemba, asubuhi. Damu yangu imefika tisa na nusu, daktari anasema kwa huo mwezi mmoja na nusu uliobaki itafika kumi. Wewe toa wiki ya kwanza ya Septemba. Chupa ya pili wanasema wataiulizia Mtwara, lakini hawakuahidi. Yako ndiyo nimeiandikisha.

Umeandika mengi juu ya maji na machache juu yako. Umekonda? Saida alionyeshwa picha yako na Maftaha kwenye simu, akasema mjomba kakonda. Nikamwambia ni mwanamichezo siku hizi.

Naogopa kidogo, nakwambia wewe tu. Si kifo. Naogopa kulala nisijue nani ananishika. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa hukubali kulala mpaka unishike sikio. Sasa nimekuelewa.

Dada yako,
Mwanaheri


Miteja
1 Septemba 2023

Wifi yangu Mwanaheri, hujambo wewe usiyeniamini?

Nakuandikia mimi Zuwena, na mwandiko wangu utauvumilia. Mdogo wako hajui. Maftaha nimemhonga chapati nne asiseme.

Nianze na dhambi yangu. Wifi, nilidhani ana mwanamke. Mwanamume gani anakwenda kuoga saa tano mchana kila siku, anarudi macho yanang'aa, halafu anaandika kwenye daftari na kulifungia sandukuni? Anasema mgongo. Mgongo gani unatibiwa na kipimajoto? Nikavumilia Juni, nikavumilia Julai. Jana alipokwenda kwenye mizani alisahau ufunguo, nikafungua nitafute jina la mwanamke. Nikakuta joto la maji. Kurasa na kurasa, wifi, joto la maji! Karibu nicheke. Ndipo nikasoma vizuri, nikakaa chini. Nakunakilia, usije ukasema Zuwena kaongeza chumvi.

"31 Mei. Tone la damu yangu limeelea. Wanalidondosha kwenye maji ya bluu, likizama unafaa, likielea unarudishwa. Wamepima tena kwa mashine: 11.8. Inatakiwa 12.5. Nimerudishwa. Sitamwambia dada."

"12 Julai. 12.2. Zimebaki pointi tatu. Bwawa linafanya kazi."

"22 Agosti. Mkojo mwishoni umetoka mwekundu. Hauumi sana. Pengine ndiyo damu chafu inasafishwa na maji, ili mpya ipate nafasi. Nitangoja."

"25 Agosti. 11.0. Haiwezekani. Nimeongeza dakika, sasa thelathini."

"29 Agosti. Wekundu umezidi. Naona kizunguzungu nikiinama kwenye mizani. Alinilea tangu nina miaka minne, sijawahi kuombwa kitu naye mpaka leo, nacho ni chupa moja."

Hapo ndipo nilipojua kuwa unaumwa. Kwenye daftari! Mimi niliyekupaka hina ulipofiwa, ulipotoka eda! Nina hasira na nyie wote wawili, ndugu wa damu na siri zenu. Lakini hasira itangoja. Mume wangu anakojoa damu na anajiona anasafishwa. Mimi nikimwambia atajua nimefungua sanduku, tutagombana wiki nzima, naye ataendelea kuoga. Wewe ukimkoholea tu anasimama wima. Mkoholee, wifi.

Pole sana. Ningekuja leo, ila nikiondoka nani atamzuia asiingie kwenye lile bwawa?

Wifi yako mwenye ulimi mrefu,
Zuwena


Rasbura
4 Septemba 2023

Kibwana,

Leo sina salamu.

Najua yote. Usiulize kwa nani, na ukimgombeza nitajua. Tone limeelea. Tangu Mei limeelea, nawe unaniandikia "chupa yako ipo, imehifadhiwa ndani yangu." Nilifurahi kwa sentensi ile. Nilimsomea Scholastica.

Ungeniambia Mei kwamba huna damu ya kutosha, ningelia siku moja, na kesho yake ningetafuta mtu mwingine. Nilikuwa na watu wananitafutia, nikawaambia wapumzike. Sasa zimebaki siku kumi na tano.

Na hilo la mkojo! Damu chafu haitokei huko. Wazee wetu walisema mvulana akikojoa damu ndiyo amekuwa mwanamume. Wewe una miaka thelathini na sita, una mke na watoto wawili. Umechelewa kubalehe. Kesho, si keshokutwa, nenda kwa huyo Optatus wako umwambie kila kitu, bwawa, saa tano, wekundu, bila siri ya familia.

Nimeandika hapo juu kwa hasira, nikanywa maji, nikarudi.

Nami nilikudanganya. Kule arusini viatu havikubana. Nilianguka. Nilisimama kumtunza bibi arusi nikaona kiza, nikaamkia kwenye mkeka, Mwanaima ananipepea na sahani. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungeuza kila kitu uje. Kumbe nilipokuficha mimi, wewe ulikuwa umekwisha kunificha. Sasa hivi ningependa kukupiga kofi, na ningependa ukae hapa kwenye kiti cha Saida nikutazame umekula. Vyote viwili.

Usiingie tena kwenye maji hayo.

Dada yako,
Mwanaheri


Miteja
8 Septemba 2023

Dada, shikamoo. Sina uso wa kuandika, lakini mkono ninao.

Nilikwenda Masoko tarehe 6, basi la kwanza. Optatus alinipa kikopo, akaniambia nikajikamue mpaka tone la mwisho. Akaweka kwenye darubini. Akaniita nitazame na mimi. Kuna yai lina mwiba mkiani, kama punje ya mpunga yenye ncha. Kichocho.

"Unaoga wapi?" akaniuliza. Nikamweleza.

"Sehemu gani ya bwawa?"

"Penye matete, penye jua."

"Kuna konokono hapo?"

"Wapo. Wadogo."

"Saa ngapi?"

"Saa tano. Alfajiri ni ya wanawake."

Akaweka kalamu chini. "Kaka, wadudu hawa hutoka kwenye konokono jua likishapanda. Ungeingia alfajiri, kivulini, pengine ungepona. Heshima imekuponza."

Nikamuuliza habari ya baridi. Hakunicheka, nashukuru. Alisema ya watu wa barafu yanaweza kuwa kweli au si kweli, yeye hajui, ila nyuzi ishirini na mbili si baridi ya kusumbua damu, ni maji ya kuogeshea mtoto. Na ile 12.2 niliyoshangilia? Alisema kipimo chenyewe hupanda na kushuka kidogo kidogo, na kama nilitoka majini moja kwa moja, sijanywa maji njia nzima, damu inaonekana nzito wakati haijaongezeka hata tone. Ndivyo nilivyofanya. Mimi ninayewakataza wakulima kuloweka ufuta kabla ya mizani.

Nimesimamishwa kwenye ubao wa urefu, maana dozi hufuata kimo, nikapewa vidonge vitano vya kichocho, nikavimeza mbele yake. Nimepewa na vya minyoo na vya kuongeza damu. Nitapona, alisema, lakini kuchangia damu nisifikirie mwaka huu. Nilipomwambia ni damu ya dada yangu, akasema, "Basi tafuta mtu, usitafute bwawa."

Nimerudi nimemweleza Mzee Nikodemu na mwenyekiti wa kijiji. Jumatatu wauguzi wanakuja kupima watoto wa shule. Nikodemu aliniambia, "Mimi nilisema utoke," nikakubali.

Sasa sikiliza, dada. Usiku ule sikulala, ila si kwa kulia. Nilitoa madaftari yangu ya zamani. Ile kadi ya damu sikuipata peke yangu, walikuja shuleni wakatupima darasa zima. Nikaitafuta siku. Ipo: tarehe 17 Machi 2006. "Leo tumepimwa makundi ya damu. O hasi tumesimamishwa pembeni kama wezi. Tuko wanne: mimi, Dativa, Cletus, Lusia."

Nimepiga simu kumi na moja kwa watu niliosoma nao. Dativa yuko Mwanza na ana mimba ya miezi saba. Cletus anauza vipuri vya baiskeli hapo hapo Lindi, karibu na stendi. Lusia ni mwalimu, anaishi Mtanda, hapo hapo mjini kwenu. Nimesema nao wote wawili. Sikuficha kitu, nimewaambia mpaka kuhusu bwawa. Cletus alicheka mpaka simu ikakatika, akanipigia mwenyewe. Watakuja kwako Jumatatu tarehe 11, saa mbili asubuhi. Kama hawatafaa, nina majina ya vidato vingine.

Nisamehe. Nilitaka iwe yangu.

Kibwana


Rasbura
13 Septemba 2023

Marahaba, mdogo wangu. Leo salamu zipo.

Wamekuja. Saa mbili kasoro dakika kumi Cletus alikuwa mlangoni, kavaa shati la arusi, eti hospitali ni mahali pa heshima. Jitu zima lenye mikono kama magurudumu anayouza. Tulipofika hospitali, alipoiona sindano alikaa chini kabla hajaambiwa. Lusia akamshika bega akamwambia, "Cletus, dada mwenyewe anakwenda kupasuliwa, wewe unazimia kwa sindano?" Akajibu, "Yeye atalala usingizi, mimi wananitazamisha!"

Lusia ni mwanamke mfupi, ana sauti ya darasani. Aliniambia walikuwa wanakucheka kwa daftari lako, nani kachelewa, nani kala mihogo ya nani. Nikamwambia na sisi nyumbani tulikucheka.

Yale matone yao yalizama, Kibwana. Yalikwenda chini moja kwa moja. Nilikuwepo, nilitazama, nikasoma Alhamdulillahi kwa sauti, Lusia akafanya ishara ya msalaba, muuguzi akasema jamani mtaniangushia chupa. Wamepimwa magonjwa, majibu yamerudi jana, safi. Chupa mbili ziko kwenye friji zina jina langu. Mimi nimefika kumi nukta moja. Tarehe ni ile ile.

Lusia hataki hata soda. Nilimuuliza kwa nini amekuja kwa mtu asiyemjua. Alisema uliwaambia ukweli wa aibu namna ile, mtu akakosa pa kukataa.

Sasa hilo la "nilitaka iwe yangu." Umeandika kwenye daftari kwamba nilikulea. Hukuandika kwamba ulinikojolea mgongoni, tena si mara moja. Andika na hilo, uwe karani wa kweli. Sikukulea ili unirudishie chupa. Nilikulea kwa sababu ulikuwa unalia na mimi nilikuwa karibu.

Daktari anataka ndugu wa kutia sahihi. Nimesema yuko Miteja anameza vidonge, atakuja. Njoo Jumapili. Mwambie Zuwena nimemsamehe kabla hajaomba, na chapati za Maftaha nitamlipia mimi.

Dada yako,
Mwanaheri


Lindi
19 Septemba 2023

Mke wangu Zuwena,

Kwenye simu nimekwambia dada ametoka salama, ikakatika. Maftaha anaondoka saa kumi, nimeona nikuandikie yaliyobaki, kwa mpangilio.

Saa mbili na dakika ishirini nilitia sahihi. Ikatoka mbaya kuliko ya Nikodemu. Kabla hawajampeleka dada aliniita karibu, akaniambia nimshike mkono mpaka mlangoni, basi nikamshika. Saida alikuwa upande mwingine. Mlangoni muuguzi Scholastica akauchukua ule mkono kutoka kwangu, akasema, "Sasa nimeushika mimi," na dada akafumba macho.

Tulikaa kwenye benchi. Lusia aliomba ruhusa shuleni akaja kukaa nasi. Saa nne wakatoka kuchukua chupa ya kwanza. Cletus naye alikuwa amefika, akaitazama ikipita akanong'ona, "Ile ni yangu au yako?" Lusia akamwambia, "Nyamaza, ni ya dada." Ya pili haikuhitajika. Imebaki kwenye friji, wameomba wampe mama mmoja wa wodi ya wazazi, nikamuuliza Lusia, akasema hiyo haiulizwi.

Daktari alitoka saa tano na robo. Uvimbe umetoka wote.

Walituruhusu kuingia saa saba. Alikuwa bado na dawa kichwani, midomo imekauka. Zuwena, nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyaandika kabisa, karatasi iko mfukoni. Nilitaka kumwomba msamaha kwa utaratibu, kwanza la Mei, kisha la Julai. Akafungua macho, akanitafuta, akanitazama muda mrefu kama anasoma mizani.

"Kibwana," akasema, "umekula?"

Tangu jana mchana sikuwa nimeweka kitu mdomoni. Ulimi ulikuwa tayari umeshasema ndiyo ndani ya mdomo.

"Sijala, dada."

"Basi nenda ukale kwanza," akasema. "Ndipo urudi unisalimie."

Nimekula wali na maini, sahani moja kamili, hapa nje ya geti. Nimemaliza. Sasa naingia kumsalimia.

Mume wako,
Kibwana